Hedifoni Zinazosifiwa, Mbona Hazinipendezi?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Tanga. Mimi ni mwalimu, mpenzi wa muziki wa dansi na taarabu ya zamani. Nilijibana kwa miezi kadhaa nikanunua hedifoni za waya, za aina ya wazi, zenye ukinzani wa omu 250, ambazo kila niliyemuuliza alizisifu. Huzichomeka kwenye simu na kusikiliza usiku, watoto wakishalala, kwa sauti ya chini. Kusema kweli hazinipendezi. Besi ni hafifu, fidla zinachoma, na rekodi za zamani zimejaa mvumo ambao sikuwahi kuusikia. Hedifoni za bei ndogo za mwanangu zinanikosha zaidi. Je, sikio langu ndilo lenye kasoro, au nimeuziwa kitu kibaya?

JIBU: Ndugu Mwalimu, salamu zimefika. Katika yote uliyoyaeleza sioni dalili ya kasoro masikioni mwako, wala haielekei kwamba umeuziwa kitu kibaya. Ninachokiona ni hedifoni nzuri zilizopewa kazi isiyo yake, zikanunuliwa kwa kufuata masikio ya watu wengine.

Tuanze na besi. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba sauti inapopunguzwa, besi hufifia upesi kuliko sauti za kati. Ndiyo maana gitaa la besi ambalo ukumbini hulisikia hadi kifuani, ukilisikiliza kwa sauti ya kunong'ona saa tano za usiku, hubaki kwa mbali sana hata kama hedifoni zinalitoa kwa kipimo kilicho sahihi kabisa. Msikilizaji wa usiku ana haki ya kupenda hedifoni zilizoongezewa besi, na asikubali kuambiwa kwamba hajui muziki.

Juu ya hilo kuna aina yenyewe. Hedifoni za wazi, ambazo Sennheiser ya Ujerumani ilikuwa ya kwanza kuziuza mwaka 1968 kwa toleo la HD 414, zina vikombe vinavyopitisha hewa. Sauti hutawanyika vizuri, fidla zikaonekana kama zimekaa mbele yako badala ya kubanana katikati ya kichwa, lakini kwa kawaida besi yake ni nyepesi kuliko ya hedifoni zilizofungwa, na aliyelala kando yako anasikia karibu kila unachokisikia wewe. Ukinzani, yaani kiasi ambacho hedifoni huuzuia umeme, hupimwa kwa omu, na ule wa omu 250 unadai volteji kubwa kuliko ile inayotolewa na simu nyingi. Hedifoni za mwanao huenda ni za omu 32 au karibu na hapo, kwa hiyo simu inaziendesha bila taabu. Usijaribu kuliponya hili kwa kupandisha sauti hadi mwisho, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Amplifaya ndogo ya mkononi, yaani kifaa cha kuikuza nguvu ya sauti kati ya simu na hedifoni, itakusaidia zaidi.

Sasa nije kwenye fidla na ule mvumo, maana hapa ndipo barua yako iliponigusa. Nami ni msikilizaji wa taarabu, na najua raha ya kuisikia ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kwa karibu: ncha inapodonoa, nyuzi tatu za noti moja hulia pamoja, na hedifoni safi hukuonyesha kwamba ni tatu. Hata hivyo rekodi zina mipaka yake. Siti binti Saad na wenzake waliporekodi Bombay mwaka 1928, sauti zao ziliingia kwenye santuri ambazo hazikuweza kubeba sauti za juu kabisa. Huko juu hakuna mwimbaji wala fidla, kuna mkwaruzo wa sindano tu. Tepu za redioni zilizokuja baadaye ni bora zaidi, lakini nazo zina mvumo wake, na mvumo huo unakaa zaidi katika sauti za juu. Hedifoni zinazonyanyua sauti za juu, basi, hazikuongezei chochote cha uimbaji katika rekodi za namna hiyo. Zinanyanyua mkwaruzo na mvumo, na upinde wa fidla ambao tayari ulikuwa mkali unageuka kuwa mwiba.

Wengi wanaosifu hedifoni husifu uwezo wa kuonyesha kila kitu. Sifa hiyo ni ya kweli, ila ina mahali pake. Sony MDR-7506, ambazo zimekuwa sokoni tangu mwaka 1991 na hadi leo zinaonekana studio nyingi, zinapendwa na mafundi kwa sababu dosari ya rekodi haijifichi ndani yake. Fundi anaitafuta dosari ili aiondoe, ilhali wewe unamtafuta mwimbaji. Sioni sababu ya mwalimu aliyemaliza siku ya kazi kusikiliza kama mkaguzi.

Watafiti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, wakiongozwa na Sean Olive, walitumia miaka mingi kuwasikilizisha watu hedifoni mbalimbali bila kuwajulisha majina wala bei. Wasikilizaji wengi walikubaliana kuhusu mlingano wa sauti unaopendeza, lakini lilikuwapo kundi lililotaka besi zaidi, na jingine lililotaka besi kidogo. Natenganisha, kwa hiyo, mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Sauti inayopasuka besi inapokuja, upande mmoja kuwa na nguvu kuliko mwingine, au ukanda unaobana kichwa hadi kinauma, hizo ni kasoro, na mtu asishawishiwe kuzizoea. Kiasi cha besi na ukali wa sauti za juu, maadamu havijapita kiasi hata kuifunika sauti ya mwimbaji, ni hiari ya mwenye sikio.

Usiziuze bado. Fungua ikwalaiza ya simu yako, yaani sehemu ya kupandisha au kushusha besi na sauti za juu, shusha sauti za juu zilizo kati ya hezi 6,000 na 9,000 kwa desibeli tatu au nne, kisha pandisha kidogo besi, zile zilizo chini ya hezi 100. Sikiliza hivyo kwa juma zima. Ikiwa bado hazikupendezi, ziuze bila haya, utafute zilizofungwa zenye ukinzani usiozidi omu 80, na safari hii uzijaribu kabla ya kulipa. Nenda dukani na simu yako na nyimbo zako mwenyewe, zile unazojua hata mwimbaji anavuta pumzi wapi, na uzivae kwa muda wa kutosha kujua kama masikio yanapata joto. Zaidi ya yote, hakikisha hedifoni unazozilinganisha zinalia kwa nguvu sawa. Niliwahi kuchagua jozi moja kati ya tatu kwa kuamini kwamba ni safi kuliko zote, na nilipozisawazisha baadaye nyumbani kwa rafiki yangu nikagundua kwamba zilikuwa na sauti kubwa zaidi tu. Sikio huipenda sauti kubwa kabla ya kuipima, na zile nilizoziacha ndizo ninazozitumia sasa.

SWALI: Navaa mtandio kutwa, na ofisini husikiliza kwa hedifoni kubwa zilizofungwa, nikizivaa juu ya mtandio. Dada yangu anatumia zizo hizo nyumbani akiwa kichwa wazi na anasema zina besi nzito, mimi siisikii. Msomaji, Mombasa.

JIBU: Dada yangu, nyote wawili mnasema kweli. Hedifoni zilizofungwa hupata besi kwa sababu mto wake unakaza pembeni mwa sikio na kuizuia hewa isitoke. Kitambaa kikipita katikati, hasa penye mikunjo, hewa inapata upenyo na besi inatoka nayo, na kitambaa kizito hupunguza pia sauti za juu. Mikono ya miwani huleta shida hiyohiyo kwa wanaoivaa. Kwa hali yako ningependelea zile ndogo za kuingiza ndani ya sikio, chini ya mtandio, zenye vimpira vya saizi tofauti. Jaribu saizi zote, kwani kimpira kisichokaza kitakupotezea besi vilevile, na ni kawaida sikio la kulia kuhitaji saizi tofauti na la kushoto.