Usihesabu nyota. Mimi nilihesabu, nikaliwa dola 400

Mkuu uliyeuliza hapa, funga hiyo ekseli kwanza. Unataka kupima vipaji vya timu za futiboli ya Kimarekani za vyuo kwa kujumlisha nyota ambazo tovuti za usajili huwapa vijana, halafu uweke mkeka kwenye timu yenye jumla kubwa? Nilifanya hivyo hivyo Agosti 2022, na mpaka leo mke wangu akiona jezi ya rangi ya damu ya mzee anaanza kucheka.

Naishi Houston. Ghalani kazini kulikuwa na jamaa mmoja anayejiita mchambuzi kwa sababu analipia tovuti mbili za usajili. Akaniletea orodha: chuo chenye jezi hizo, Texas A&M wamesajili kundi lenye alama za juu kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Vijana wa nyota tano, vidole vya mkono mmoja havitoshi kuwahesabu. Kura za waandishi wa shirika la habari la AP kabla ya msimu zikawaweka wa 6. Nikaweka dola 400 kwamba hawatashinda chini ya mechi 9. Yeye hakuweka hata senti, na mimi bwege sikujiuliza kwa nini.

Septemba 10 wakaja Appalachian State. Wiki moja kabla walikuwa wamepigwa 63-61 na North Carolina, ulinzi wao wavu wa dagaa uliotoboka. Nimekaa na sahani ya mishikaki, nasubiri sherehe. Wale jamaa wakaukalia mpira zaidi ya dakika 40 kati ya 60! Wanasukuma yadi tatu, yadi nne, yadi tatu, na watoto wetu (ndiyo, nilishaanza kusema "wetu") wanahema tu. Tukapigwa 17-14, nyumbani. Mishikaki ikapoa. Baadaye wakafungwa sita mfululizo, msimu ukaisha 5-7, yaani ushindi 5, vipigo 7. Yule mchambuzi akaniambia eti "vipaji vipo, subira tu". Subira ya hela ya nani?

Mkuu, nyota kijana anapewa akiwa sekondari, akiwapita mbio watoto wenzake. Ni kama kupanga kikosi cha Yanga kwa medali za UMISSETA. Kile kipimo cha tovuti ya 247Sports kinachojumlisha kikosi kizima kinabeba alama za sekondari mpaka chuoni. Hakijui nani goti limekufa wala nani yuko benchi nyuma ya watatu. Mwenye miaka 18 na nyota tano akisimama mbele ya mtu wa miaka 22 aliyenyanyua vyuma miaka minne, nyota hazisukumi. Na hawakai: katika kundi lile, Walter Nolen akahamia chuo cha Ole Miss, Evan Stewart akaenda Oregon. Mimi niliwahesabu kama mali ya kudumu.

Kwa hiyo, chukua wale 22 wa kuanza (11 wa kushambulia, 11 wa kuzuia), andika kila mmoja ameanza mechi ngapi CHUONI. Anza na watano wa mbele wanaomlinda kotabeki, yule mrusha mpira. Nyota ziweke safu ya mwisho kabisa. Chuo cha Indiana 2023 walikuwa 3-9. Akaja kocha Curt Cignetti na vijana aliokuwa nao chuo cha James Madison, watu waliokwisha kucheza, 2024 wakamaliza 11-2. Kwa nyota ungewacheka. Kotabeki Cam Ward alianzia chuo kidogo cha Incarnate Word, vyuo vikubwa havikumtaka, 2025 akachaguliwa wa kwanza kwenda NFL, ligi ya kulipwa.

Najua utaniletea chuo cha Georgia kumchapa TCU 65-7 kwenye fainali ya msimu huo huo wa 2022. Sawa, wale walikuwa na nyota. Walikuwa pia wameshabeba ubingwa mwaka uliotangulia, mbona hilo hulihesabu?

Kwanza tutajie hapa timu unayoitaka na majina ya wale watano wa mbele. Ukishindwa kuwataja, hela yako nitumie mimi, angalau nirudishe nusu ya zangu.