Majani ya mpera yaliyochemshwa: mbona diski haikuonyesha kitu?

SWALI: Mtaalamu, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya teknolojia ya maabara hapa Nairobi. Kwa ajili ya mradi wangu nilichuma majani ya mpera nyumbani kwetu Kangemi, nikayakausha, nikachemsha nusu kwa maji na nusu ya pili nikailoweka katika ethanoli (aina ya alkoholi). Kisha nikatia kila dondoo, yaani kimiminika kilichobeba kemikali za majani, kwenye diski, kijikaratasi cha mviringo kinachowekwa juu ya sahani ya bakteria. Dondoo la ethanoli lilizuia bakteria aitwaye Staphylococcus aureus kuota karibu na diski. La maji halikuzuia chochote, na yote mawili hayakumgusa bakteria mwingine, Escherichia coli (E. coli). Nyanya yangu amekuwa akitunywesha maji ya majani hayo kila tulipohara tangu utotoni. Je, niandike kwamba dawa yake haina nguvu?

JIBU: Usiandike hivyo, kwa sababu jaribio ulilofanya halikupima jambo hilo. Njia ya diski hupima mambo mawili kwa wakati mmoja, nayo ni uwezo wa kemikali kuzuia bakteria na uwezo wake wa kusafiri ndani ya agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria. Ilitengenezwa kwa ajili ya antibiotiki kama gentamisini, ambazo kiasi chake katika kila diski kinajulikana na molekuli zake huenea bila shida. Majani ya mpera yamejaa tanini, na tanini ni molekuli kubwa zenye tabia ya kunata kwenye protini. Tabia hiyo ndiyo inayoufanya ulimi ukauke na kukakamaa unapotafuna chipukizi la mpera. Agari ya Mueller-Hinton, inayotumika katika njia hii, nayo ina lishe itokanayo na nyama na protini ya maziwa. Ishike sahani yako ya dondoo la maji mbele ya taa, uitazame kwa upande wa chini: ukiona utepe mwembamba wa kahawia unaoishia karibu kabisa na ukingo wa diski, basi sehemu kubwa ya dondoo lako haikusafiri, na bakteria walioota mbali kidogo hawakukutana nalo.

Ethanoli, hasa ikichanganywa na maji hadi ifike asilimia 70 au 80, huyeyusha vizuri flavonoidi, kundi la kemikali za mimea kama kwersetini, ambazo ni ndogo kuliko tanini na huyeyuka kwa shida katika maji matupu. Maji yanayochemka huzoa pia sukari, chumvi na utomvu wa jani, kwa hiyo miligramu moja ya dondoo la maji huenda ikawa na kemikali tendaji chache kuliko miligramu moja ya dondoo la ethanoli. Hukueleza kama uliyakausha madondoo yote mawili, ukayapima na kuyayeyusha upya kwa kiwango kimoja. Kama hukufanya hivyo, ulinganisho wako hausimami. Vilevile ni lazima pawepo diski iliyotiwa ethanoli peke yake na kuachwa ikauke, maana ethanoli yenyewe huua bakteria. Na kumbuka kwamba diski ina kipenyo cha milimita 6, hivyo anayeandika “milimita 6” kama matokeo ameipima karatasi.

Kuhusu E. coli, matokeo yako ni ya kawaida. Mbinu ya rangi aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka 1884 inawatenganisha bakteria hawa wawili, na nyuma ya tofauti hiyo ya rangi kuna tofauti ya ukuta. S. aureus ana ukuta mnene, lakini una vitundu vidogo vinavyopitisha molekuli nyingi. E. coli ana utando wa ziada kwa nje, uliofunikwa na lipopolisakaraidi (molekuli za mafuta na sukari), unaozuia kemikali nyingi za mimea. Na zile chache zinazopenya mara nyingi hutemwa nje na pampu zilizomo katika utando wake.

Kama muda wa mradi unaruhusu, achana na agari ufanye jaribio la mchuzi, yaani kimiminika chenye lishe ya bakteria, katika sahani yenye vishimo vidogo (visima) 96, ambamo dondoo hupunguzwa nusu kwa nusu na bakteria hawana pa kulikwepa. Rangi iitwayo resazurini itakuonyesha walio hai kwa kugeuka kutoka buluu hadi waridi. Hapa nasisitiza, kwa kuwa kosa hili huwanasa hata wazoefu: kemikali za majani zinaweza kuigeuza rangi hiyo zenyewe, basi weka visima vyenye dondoo na resazurini bila bakteria yeyote. Watafiti wengi huliona dondoo ghafi kuwa la kutia moyo linapozuia bakteria chini ya mikrogramu 100 kwa mililita. Likihitaji zaidi ya 1000, nguvu yake ni hafifu. Kabla ya kuandika ripoti, kausha tawi moja la mti ule ule, likiwa na ua au tunda, ulipeleke katika Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki kwenye Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, ili jina la mmea lithibitishwe.

Sasa kuhusu nyanya. Kuhara hakutulizwi kwa kuua vijidudu peke yake. Kwersetini ya majani ya mpera imeonekana katika majaribio ya wanyama kupunguza mwendo wa matumbo, na tanini hukaza utando wa ndani. Kazi zote mbili haziwezi kuonekana kwenye diski. Isitoshe, kuhara kwingi kwa watoto husababishwa na virusi, na jaribio lako halikuwa na kirusi hata kimoja. Kwa hiyo nyanya yako huenda aliona nafuu ya kweli, kwa njia ambayo wewe hukuipima. Mweleze hivyo, kwa heshima, na umwambie pia kwamba kinachomuua mtoto anayehara ni kupungukiwa na maji na chumvi mwilini, ambavyo majani hayavirudishi. Mtoto apewe maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) mara tu anapoanza kuhara, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 ikiwa hajatimiza miezi sita. Na akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyodidimia au akishindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.