Maswali ya Wasomaji: Kupima Uchongaji na Rangi za Sanamu ya T'Challa

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu kutoka Changamwe, Mombasa. Shemeji yangu anayefanya kazi Dubai amempata mtu anayeuza sanamu ya T'Challa, yaani Black Panther, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, iliyotengenezwa na kampuni ya Hot Toys ya Hong Kong kwa sura ya marehemu Chadwick Boseman kama alivyoonekana katika filamu ya mwaka 2018. Bei inazidi dola 200 za Marekani, nami sina ila picha. Zile za kampuni zinavutia mno, lakini za muuzaji zinaonyesha uso uliopauka na pua pana kupita kiasi. Nitatambuaje kama kasoro iko katika uchongaji, katika rangi, au katika picha zenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, mambo hayo matatu uliyoyatenga ndiyo wanunuzi wengi huyachanganya, wakailaumu sura kwa kosa la rangi, au rangi kwa kosa la mpiga picha.

Tuanze na picha. Simu ikisogezwa karibu sana na kichwa kidogo, kilicho mbele hukuzwa na kilicho nyuma hupunguzwa, hivyo pua hutanuka na masikio hujificha. Mwombe shemeji yako aipige sanamu akiwa umbali wa mita moja hivi, kisha aikuze picha baadaye. Simu iwe usawa wa macho ya sanamu, mwanga utoke dirishani upande mmoja, na flashi izimwe, kwa sababu flashi hufuta vivuli vyote na kuufanya uso wowote uonekane umepauka. Picha za kampuni nazo zisikubabaishe, kwani kwa kawaida huonyesha sampuli iliyopakwa rangi kwa mkono na mafundi walio bora kabisa, ilhali sanamu ya kuuzwa hutoka kiwandani: plastiki ya PVC hujazwa kwenye kalibu ya chuma, ikipoa hunywea kidogo, na kingo nyembamba kama za kope na pembe za midomo hupoteza ukali wake. Rangi hupakwa na mikono mingi, kwa hiyo sanamu mbili za toleo moja zaweza kutofautiana. Dai picha za sanamu ileile utakayokabidhiwa.

Sasa umbo. Sanamu hii ni ya kipimo cha moja kwa sita, yenye urefu wa sentimita 31 hivi. Kichwa chake kina takriban sentimita 4, na duara la rangi katika jicho lina milimita 2 tu. Kwa kipimo hicho, kosa la milimita 1 ni sawa na milimita 6 kwenye uso wa mtu aliye hai, na mtu ambaye jicho lake moja limepanda milimita 6 kuliko la pili hutambulika akiwa ng'ambo ya barabara. Anza na picha ya ubavuni, kwa kuwa hapo rangi haiwezi kumsaidia mchongaji: fuata mstari wa paji la uso, mgongo wa pua, midomo na kidevu, kisha taya linavyopanda kuelekea sikio, ukilinganisha na picha ya Boseman aliyepigwa kutoka upande huohuo. Baada ya hapo igeuze picha ya mbele iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zikishaondoka, kinachobaki ni vivuli tu, na mfanano usiposimama kwa vivuli peke yake, basi haukuwamo katika uchongaji. Mchongaji wa Kimakonde anayefanya kazi kwa mpingo hana rangi ya kujifichia, na ndivyo ninavyopenda kila kichwa cha sanamu kipimwe kwanza.

Rangi inahitaji ukali zaidi, hasa kwa mhusika mwenye ngozi nyeusi, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona vichwa vilivyochongwa kwa ustadi mkubwa vikaharibiwa na rangi moja ya kahawia iliyopulizwa toka utosini hadi shingoni. Ngozi nyeusi haina rangi moja. Paji la uso na mifupa ya mashavu hupokea mwanga wenye ubaridi, karibu na buluu. Mashavu yana wekundu kwa ndani. Chini ya macho panakoza. Mdomo wa juu mara nyingi ni mweusi kuliko wa chini, ambao huelekea waridi. Fundi anayekoza vivuli kwa kuongeza rangi nyeusi tupu huishia kupata rangi ya majivu, na huenda huo ndio mpauko ulioulalamikia, ikiwa utabaki hata baada ya kupata picha ya dirishani. Fundi mzuri hukoza kwa kahawia yenye wekundu mzito, au kwa zambarau, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Weupe wa jicho usiwe mweupe kama chokaa, na pembeni karibu na pua paonekane wekundu kidogo. Tena angalia mng'ao: jicho ling'ae kama lenye unyevu, ngozi ising'ae hivyo. Uso wote ukimetameta, hata mchongo bora utaonekana plastiki.

Nywele fupi na ndevu zina mtego wao. Mpaka wa nywele unapaswa kufifia taratibu ndani ya ngozi. Ukikuta mstari mkali kama uliopigwa kwa kalamu ya wino, hiyo ni kasoro ya rangi na wala si ya kinyozi wa Wakanda.

Kuhusu vazi, kumbuka kwamba Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi ya filamu hiyo na kutunukiwa Oscar mwaka 2019, aliitandaza juu ya suti ya T'Challa michoro midogo ya pembetatu aliyoipa jina la Okavango. Kwenye sanamu pembetatu hizo zionekane ukisogea karibu, na zimezwe na weusi wa vazi ukirudi nyuma hatua moja. Zikionekana kutoka mbali ni kubwa mno kwa kipimo chake. Mistari ya rangi ya fedha isivuje nje ya kingo zake, na ile ya kwenye barakoa ikutane katikati bila kupishana.

SWALI: Ndugu Mshauri, mwanangu hukusanya sanamu ndogo za sentimita 15. Moja ina macho yanayotazama pande mbili tofauti. Je, ni haki kuipima kama hizo za bei kubwa? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Kwa umbo ni haki, kwa rangi mlegezee kidogo. Katika kipimo cha moja kwa kumi na mbili duara la jicho lina milimita 1, na nyuso nyingi za siku hizi huchapwa kwa mashine kwa vitone vya wino. Chapa ikisogea unywele mmoja, jicho lililochapwa huangukia pembeni ya jicho lililochongwa. Funika macho kwa kidole: pua, midomo na taya vikisimama vizuri, mchongo ni mzuri na kosa ni la chapa. Siku nyingine achague dukani, akilinganisha maboksi mawili au matatu.

SWALI: Ndugu Mshauri, sanamu yangu ya zamani inanata na rangi ya uso imekuwa kama ya kijivu. Niisafishe kwa spiriti? Msomaji, Unguja.

JIBU: Usithubutu. Spiriti na tina huondoa rangi. Kunata hutokana na vilainishi vya PVC vinavyotoka polepole, hasa penye joto, kisha vumbi hunasa juu yake. Juu ya rangi nyeusi vumbi hilo huonekana kama majivu, kwa hiyo usiihukumu rangi kabla ya kuiosha. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo na kitambaa laini, kisha iweke mahali penye hewa pasipopigwa na jua. Ikiwa suti yake ni ya ngozi ya bandia, usiiloweshe, kwani unyevu huibambua, na ikishabambuka haitengenezeki. Kwa sababu hiyo anayenunua sanamu iliyotumika aombe pia picha za viwiko na magoti yakiwa yamekunjwa.