Breka haikati tena, ila swichi inanuka

SWALI: Habari kaka, mi niko Arusha, na baridi ya huku mwezi wa sita wa saba unaijua, basi nikafunga hita ya bafuni, ile inayochemsha maji papo hapo, imeandikwa wati 7,500. Fundi kaiunga kwenye waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba) uliokuwa unaenda soketi za korido. Breka ya ampia 20 ikawa inakata kila mtu akioga, akaja akaweka ya 40, kweli haikati tena, ila swichi imeanza kuwa ya kahawia pembeni na inanuka plastiki. Nibadilishe swichi? (Mama Wawili)

JIBU: Dada, kwanza zima breka ya hiyo hita sasa hivi na asiiwashe mtu, kwa sasa chemsheni maji jikoni. Ukibadilisha swichi peke yake hata hiyo mpya itaungua.

Chukua wati ugawe kwa volti 230 za kwetu, 7,500 inakupa kama ampia 33. Waya wa 2.5 wa kopa safi ukiwa kwenye paipu ukutani unabeba kama ampia 24 hivi, na ukibanana na nyaya zingine haufiki hata hapo. Ile breka ya 20 ilikuwa inakata kwa sababu inaulinda waya, ndo kazi yake, wengi wanadhani iko pale kulinda hita. Sasa hii ya 40 ikipitiwa na 33 inaona kawaida tu, inatulia, joto linabaki ndani ya ukuta wako, na ampia zikizidi mara mbili joto linakuwa mara nne. Inaniuma sana kusikia fundi "kapandisha breka" kwenye waya uleule, nyumba zinaungua hivyo watoto wamelala.

Hita hiyo inataka laini yake peke yake toka mein swichi, waya wa 6 pamoja na ethi (waya wa ardhini), hapo breka ya 40 inakaa sawa. Swichi iwe ile kubwa ya ampia 45 inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, ikae nje ya bafu. Na kwa kuwa kuna maji, weka RCD, kile kifaa kinachokata umeme haraka ukivuja, ya miliampia 30, usikubali kuambiwa siyo lazima. Bafu likiwa mbali, tuseme mita 30 au zaidi, mwambie apige hesabu ya waya wa 10 maana umbali unakula volti.

Dukani omba kipande ukwangue kwa kisu: kopa ni nyekundu mpaka ndani, ukiona weupe hiyo ni alumini imepakwa kopa, haibebi ampia zilezile, iache.

Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), laini ya soketi airudishie breka ya 20 baada ya kuikagua yote, na popote ganda la waya limekauka au kupasuka avute mpya.