Plagini Uliyoizima Bado Imo Ndani ya Tovuti

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: plagini, ambazo wengine mnaziita programu-jalizi, yaani vipande vya programu vinavyoongezwa kwenye tovuti ili kuipa kazi mpya. Zisasishwe lini, zipi zifutwe, na ufanye nini tovuti ikigoma baada ya kuziguza. Majibu yote yanahusu WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, maana ndiyo mnayoitumia nyote mlioandika.

Nina plagini 31, na 12 kati ya hizo nimezizima muda mrefu. Mwenzangu ananisihi nizifute kabisa. Kama zimezimwa, zinadhuru nini?

Mwenzako anasema kweli. Ukizima plagini, WordPress huacha kuziita faili zake inapoandaa ukurasa, basi. Faili zenyewe hazijaguswa. Zimo kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti yako, ndani ya wp-content/plugins, kila plagini na folda yake, na seva haina habari ya kuwashwa wala kuzimwa. Mtu akiandika kwenye kivinjari anwani kamili ya faili ya PHP (lugha ya programu inayoendesha WordPress) iliyomo humo, seva itaiendesha. Faili nyingi zina mstari wa juu unaozikatalia kufunguliwa namna hiyo, lakini si zote. Zinazosahaulika mara nyingi ni zile za maktaba, yaani mikusanyo ya msimbo, ambazo mtengenezaji alizichukua kwingine akazipachika kwenye kazi yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Septemba 2020 kwa plagini iitwayo File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000. Ndani yake mlikuwa na faili ya maktaba ya elFinder, connector.minimal.php, iliyopokea maagizo bila kuuliza anayeagiza ni nani. Wadukuzi walipandisha kupitia hapo faili zao za PHP, kisha wakaziendesha. Matoleo ya 6.0 hadi 6.8 yaliathirika, na toleo la 6.9 ndilo lililoziba mwanya. Sasa fikiria aliyekuwa ameizima bila kuifuta: faili ile ilibaki palepale, na anwani yake ilikuwa ile ile.

Jaribu mwenyewe. Andika anwani ya tovuti yako, kisha /wp-content/plugins/, jina la folda ya plagini mojawapo uliyoizima, halafu /readme.txt. Mara nyingi itafunguka, na juu kabisa utaona namba ya toleo. Roboti zinazosaka tovuti dhaifu husoma mstari huohuo.

Kwa hiyo zifute, ila kwa mpangilio. Ya bure iliyomo kwenye saraka rasmi ya WordPress usiionee huruma, kwani kuirudisha ni kazi ya dakika moja. Ya kulipia ambayo leseni yake imekwisha, hifadhi kwanza faili yake ya zip kwenye kompyuta yako. Halafu angalia kama kuna plagini nyingine inayoitegemea. Tangu toleo la 6.5, la mwaka 2024, WordPress hukataa kuzima au kufuta plagini inayotegemewa, lakini tu pale ambapo ile tegemezi imetangaza hivyo kwenye faili yake, na za zamani hazitangazi. Hakikisho la kweli ni kuizima, kukaa nayo hivyo wiki moja huku ukiangalia kurasa muhimu, ndipo uifute. Wiki moja, si miaka mitatu.

Themu, zinazoipa tovuti sura yake, nazo ni vivyo hivyo. Bakiza unayotumia, mama yake kama yako ni themu-mtoto (iliyojengwa juu ya nyingine), na moja ya zile zinazokuja na WordPress ili tovuti iwe na pa kuangukia siku themu yako ikigoma.

Kila nikiingia nakuta masasisho kumi na zaidi. Naogopa kubofya nisije nikavunja tovuti. Nisasishe yote kwa mkupuo?

Hofu yako ina msingi, ila kuchelewa kuna hatari kubwa zaidi. Sasisho la usalama likishatoka, yeyote anaweza kulinganisha faili za zamani na mpya akaona mstari uliorekebishwa, yaani akaonyeshwa mwanya ulipokuwa. Kuanzia hapo mashambulizi hayasubiri wiki. Ukiona kwenye maelezo ya mabadiliko kwamba limerekebishwa jambo la usalama, lisasishe siku hiyohiyo. Mengine yanaweza kungoja siku moja uliyoitenga kila wiki.

Siku hiyo ikifika, anza na nakala rudufu ya vitu viwili kwa pamoja: faili zote na hifadhidata. Watu wengi huchukua faili pekee wakidhani wamemaliza. Tatizo ni kwamba plagini kubwa, kama za duka au fomu, zikisasishwa hubadilisha pia muundo wa majedwali yake kwenye hifadhidata. Ukirudisha faili za zamani juu ya majedwali mapya, hazielewani. Nakala iwekwe nje ya seva ya tovuti, na angalau mara moja uwe umejaribu kuirejesha kwenye tovuti ya majaribio. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu.

Kisha sasisha moja moja. Ukibofya zote kumi na nne na ukurasa ukaharibika, una washukiwa kumi na wanne. Anza na zenye marekebisho ya usalama, fuata ndogo, na mwisho zile zinazoshika malipo, fomu na kuingia kwa wanachama. Namba ya kwanza ya toleo ikibadilika, mathalani kutoka 4.9 kwenda 5.0, soma maelezo yote kabla ya kubofya, hasa toleo la PHP linalohitajika. Plagini mama na nyongeza zake usizitenganishe: zisasishe kikao kimoja.

Baada ya kila iliyo kubwa, futa kashe (nakala za kurasa zilizohifadhiwa kwa muda), fungua tovuti kwenye dirisha la faragha la kivinjari na uitumie kama mgeni. Jaza fomu ya mawasiliano na uhakikishe barua imefika kwenye sanduku lako. Ujumbe wa kijani unaosema imetumwa hautoshi, maana fomu huweza kutoa ujumbe huo na barua isiende popote. Kama una duka, weka oda ya majaribio hadi mwisho.

Na mwenye duka afanye kazi hii saa ambazo wateja ni wachache. Akilazimika kurejesha hifadhidata, oda zilizoingia baada ya nakala kuchukuliwa zitapotea nayo.

Nimesasisha plagini moja na sasa tovuti inasema iko kwenye matengenezo. Nyingine ninayosimamia inaonyesha hitilafu kubwa, hata dashibodi haifunguki. Nifanyeje?

Ni matatizo mawili tofauti.

La matengenezo: wakati wa kusasisha, WordPress huandika faili iitwayo .maintenance kwenye folda kuu ya tovuti, ile yenye faili ya mipangilio wp-config.php, na huiondoa kazi ikiisha. Ukifunga kivinjari katikati au seva ikikata muda, faili hubaki. Ingia kwa FTP (njia ya kufikia faili za seva) au kwa kisimamizi cha faili cha hosti yako, kampuni inayohifadhi tovuti, ruhusu faili zinazoanza na nukta zionekane, uifute. Hata usipoifuta, WordPress huacha kuijali baada ya dakika 10. Lakini usishukuru ukaondoka: plagini iliyokuwa inasasishwa huenda haikukamilika, kwa hiyo nenda kaangalie toleo lake, uisasishe tena.

La hitilafu: kwanza angalia barua pepe ya msimamizi wa tovuti. Tangu toleo la 5.2, la mwaka 2019, WordPress hutuma huko kiungo cha kuingilia katika hali ya uokoaji, na hutaja plagini iliyogoma. Ujue kwamba katika hali hiyo plagini imesimamishwa kwako peke yako. Wageni bado wanaona hitilafu mpaka uizime au uirekebishe.

Kama barua haikuja, fungua wp-content/plugins na ubadilishe jina la folda ya plagini husika, kwa mfano uongeze -zima mwishoni. Tovuti itarudi. Ingia kwenye dashibodi, fungua orodha ya plagini ili WordPress itambue kuwa faili hazipo na iizime, ndipo urudishe jina la folda. Hujui ni ipi? Badilisha jina la folda nzima ya plugins, fungua orodha ile, rudisha jina, kisha washa moja moja hadi tovuti igome tena. Mipangilio haipotei, kwa kuwa imo kwenye hifadhidata.

Je, niwashe kusasisha kwa otomatiki nisahau habari hii?

Washa, usisahau. Swichi hiyo iko kwenye kila plagini tangu toleo la 5.5, la Agosti 2020, na kwa plagini ndogo zisizogusa fedha wala fomu ni msaada mkubwa. Tangu 6.6, la mwaka 2024, sasisho la otomatiki likisababisha hitilafu inayoua PHP, WordPress hurudisha toleo la awali yenyewe. Kinga hiyo haioni kitufe kilichopotea au fomu iliyoacha kutuma, kwa sababu kwa PHP hapo hakuna kosa lolote.

Jambo jingine ni saa. WordPress hukagua masasisho mara mbili kwa siku, ila ratiba yake haina saa yake: huamshwa na mgeni anapofungua ukurasa. Tovuti isiyotembelewa hulala na masasisho yake. Weka kazi ya kron (ratiba ya seva yenyewe) kwenye seva iite wp-cron.php kila baada ya dakika 15, tatizo hilo linaisha.

Kwa plagini za malipo tungekushauri usasishe kwa mkono, ukiwa macho.

Plagini yangu moja haijawahi kuonyesha sasisho kwa miaka miwili. Nahesabu ni imara?

Usiihesabu hivyo kabla ya kuitafuta kwenye saraka ya WordPress. Plagini ikifungwa kwenye saraka, hata kwa sababu ya usalama, dashibodi ya kawaida haikuambii. Masasisho huacha tu kuja, na ukimya unaonekana kama afya. Ukikuta ukurasa wake unasema imefungwa, tafuta mbadala leo. Ukikuta tahadhari kwamba haijajaribiwa na matoleo makubwa matatu ya karibuni ya WordPress, anza kujiandaa kuiacha.

Inawezekana pia ilikuja ndani ya themu uliyonunua. Plagini za namna hiyo hazina leseni kwa jina lako, kwa hiyo hungojea mpaka mwenye themu aisasishe themu. Mwaka 2014 Slider Revolution, iliyokuwa imefungashwa ndani ya themu nyingi, ilikuwa na mwanya kwenye matoleo ya kabla ya 4.2 uliomruhusu mtu yeyote kupakua wp-config.php, faili yenye nywila ya hifadhidata. Wamiliki wengi hawakujua hata kuwa wanayo.

Sasisho nalo halipokelewi kwa macho yaliyofumbwa. Display Widgets iliuzwa mwaka 2017, na mmiliki mpya akaingiza mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, kwenye matoleo yaliyofuata hadi ikaondolewa kwenye saraka. Ukiona jina la mtengenezaji limebadilika, subiri kidogo na usome wanaoitumia wanasema nini. Zile za kulipia zinazogawiwa bure kwenye tovuti za pembeni usiziguse kamwe, maana mlango wa nyuma mara nyingi umeshawekwa kabla hujazipakua.

Plagini ngapi ndiyo nyingi mno?

Hakuna namba. Plagini moja nzito ya kujengea kurasa huweza kuilemea seva kuliko ishirini ndogo. Jiulize juu ya kila moja inafanya kazi gani. Ukikosa jibu kwa sentensi moja, hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

Nilifuta plagini ya picha, na sasa kurasa zina maneno ndani ya mabano ya mraba. Je, kuna mabaki mengine?

Hayo ni misimbo mifupi. Plagini ilikuwa ikisoma [gallery_x id="7"] na kuweka picha mahali pake. Imeondoka, maneno yakabaki. Kabla ya kufuta plagini yoyote, tafuta msimbo wake kwenye orodha ya kurasa na machapisho, uzibadilishe kwanza.

Mabaki yapo, na yanategemea ulivyofuta. Futa kupitia dashibodi, usifute folda kwa FTP, kwani dashibodi ndiyo inayoendesha usafi ambao mtengenezaji ameuandaa. Hata hivyo nyingine huacha data kwa makusudi. WooCommerce, plagini ya duka, kwa mfano, haifuti oda zako mpaka uwe umeweka WC_REMOVE_ALL_DATA kuwa true kwenye wp-config.php, na ni vema hivyo. Plagini nyingine zina kisanduku cha kufuta data kwenye mipangilio yake, kitie alama kabla ya kuizima. Jedwali la options, lenye mipangilio kwenye hifadhidata, ndilo hujaa zaidi, kwa sababu mistari yake mingi hupakiwa kila ukurasa unapofunguliwa. Ukurasa wa afya ya tovuti hukuonya mzigo huo ukizidi KB 800.

Plagini za kashe huacha advanced-cache.php au object-cache.php ndani ya wp-content, pamoja na mstari wa WP_CACHE kwenye wp-config.php. Ukishaondoa plagini, viondoe.

Za ulinzi ndizo za kushikwa kwa tahadhari. Baadhi huandika mstari wa auto_prepend_file kwenye faili ya .user.ini, unaoiamuru PHP ipitie faili yao kabla ya ukurasa wowote. Ukifuta faili hiyo yao huku mstari ungalipo, kila ukurasa unakufa, na dashibodi pia. Ondoa mstari kwanza. PHP hukumbuka .user.ini kwa sekunde 300 kwa kawaida, kwa hiyo ngoja dakika tano, hakikisha tovuti inafunguka, ndipo ufute faili yao.