Hosi ya zimamoto mgongoni: unaipanga vipi kwenye begi na unaanza kuitandaza wapi?

SWALI: Afande shikamoo. Mimi ni mgumu, mbeba mizigo wa Mlima Kilimanjaro, hapa Marangu, ule moto wa mlimani wa Oktoba 2020 ulioanzia Whona, kati ya Mandara na Horombo, nilikuwepo, tulikuwa tunapiga na matawi tu. Sasa kikundi chetu tumepata pampu ndogo ya kubeba na roli kumi za hosi za inchi moja na nusu. Gari huko juu haliendi. Tumejaribu kubeba roli begani zinateleza, na tukizifungua porini zinajisokota mpaka basi. Kuna begi lake? Na tunaanza kutandaza kutokea kwenye moto au kwenye maji?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi swali limetoka kwa mgumu, maana kubeba mnakujua kuliko mtu yeyote, shida yenu ni namna ya kupanga mzigo tu.

Begi lipo. Vikosi vya moto wa msituni kule Marekani na Canada wanalitumia siku zote, na wengine hata begi hawana, hosi yenyewe inakunjwa, inafungwa kamba na kuvaliwa mabegani. Kote wazo ni lilelile, kwamba hosi ya kupanda nayo mlima haiviringishwi roli. Roli ni ya stoo na ya kwenye gari, inataka sehemu tambarare uisukume ijifungue, sasa wewe kwenye mawe na vichaka vya kambi ya Horombo utaisukumia wapi? Ndio hapo inajisokota. Kwenye begi hosi inalazwa mkunjo juu ya mkunjo, kwenda na kurudi, halafu mwenye begi anatembea tu na hosi inatoka yenyewe nyuma yake.

Sasa fuata hapa vizuri kwa sababu wengi ndipo wanapoharibu. Kwanza ikamue hosi yote hewa na maji yatoke, iwe bapa kabisa. Unga roli mbili ziwe kipande kimoja cha mita 60. Anza kupakia na ncha yenye koplingi (kiungo cha hosi) ya dume, hiyo inakaa chini kabisa ila acha mkia kama nusu mita utokeze nje pembeni ya begi, ufunge na kikamba ili usizame. Halafu laza mikunjo mpaka juu, ncha ya mwisho iwe ya jike na ikae mdomoni kabisa. Koplingi ya katikati usiiache upande wa mgongo, itakuchoma uti wa mgongo njia nzima, isogeze upande wa nje na uizungushie kitambaa. Kabla ya kufunga kagua washa, ile pete ya mpira, ndani ya kila jike, ikikosekana moja maji yatavuja hapo na presha yote inaishia njiani.

Kwa nini jike juu? Kwa sababu unaanza kutandaza kutokea kwenye maji, ndio jibu la swali lako la pili. Mtu wa pampu anashika ile jike anaiunga kwenye pampu, wewe unaondoka unapanda na begi linapungua. Likiisha, mkia wa dume uko tayari mkononi, mwenzako wa begi la pili anaunga jike yake hapo naye anaendelea. Wa mwisho ndiye anaunga nozeli, ule mdomo wa kurushia maji. Mkianza kutokea kwenye moto mtajikuta mmefika mtoni mmepungukiwa mita ishirini, na koplingi zote zimegeuka nyuma mbele.

Na itandazwe ikiwa tupu, hili sina mjadala nalo. Roli moja nyepesi ya mita 30 ina kama kilo 5 hadi 7, ikijaa maji inaingiza lita 35 hivi, kwa hiyo roli hiyo moja tu inakuwa kilo 40 na ushee, nani ataivuta kupanda? Hosi zenu kama ni za mjini, zile nene, zitakuwa nzito zaidi, ziwekeni kwenye mizani msikisie. Mimi ningeweka roli mbili kwa mtu basi, watu watano kwa roli kumi. Najua mmezoea kilo 20 lakini hizo ni za kupanda pole pole kwenye njia, hapa mtu yuko kwenye moshi, nje ya njia, na lazima abaki na nguvu za kukimbia. Mkanda wa kifuani na wa kiunoni uwe wa kufunguka kwa mkono mmoja, ukiambiwa toka unaliacha begi hapohapo.

Ukitandaza usiivute ikanyooka kama kamba ya nguo, iache na ulegevu kidogo, na kwenye mteremko mkali ifunge kwenye jiwe au shina karibu na koplingi, kwa sababu ikijaa huo uzito wote unataka kurudi bondeni. Isipite juu ya makaa, itatoboka. Pandeni kutokea nyuma ya moto mkifuata ubavu wake huku mkizima ukingo, na eneo lililokwisha ungua na kupoa liwe jirani muda wote ndio pa kukimbilia. Kwenda kuusubiri moto kwa juu yake, hapana, moto unapanda mlima haraka kuliko mtu.

Ukitaka kuongeza roli huku maji yanatoka, unabana hosi kwa klampu nyuma ya nozeli, unaitoa nozeli, unaunga kipande kipya, unarudisha nozeli mbele, unaachia klampu taratibu. Hakuna klampu? Mwambie wa pampu ashushe presha ya mashine kabisa kwanza. Mkipata wai (viungo vya kugawa hosi moja kuwa mbili) zenye koki wekeni moja kila baada ya roli mbili, mtatolea matawi ya hosi ya inchi moja kuzima visiki na mizizi, ila hayo matawi yawe mafupi, kwa maji yaleyale hosi ya inchi moja inakula presha karibu mara sita ya hiyo yenu.

Halafu kuna kitu hamkuniuliza, urefu wa mlima wenyewe. Kila mita 10 mnazopanda kwenda juu (si za kutembea, za juu) zinakula kama bar moja ya presha. Hosi yenu mita 300 ikipanda mita 100, bar 10 zimeondoka kabla nozeli haijapata kitu, na nozeli nayo inataka kama bar 4 au 5 ifanye kazi ya maana. Someni kibao cha pampu inatoa ngapi na hosi inavumilia ngapi, maana roli ya kwanza pale chini ndiyo inabeba presha yote. Tena Horombo ni mita 3,720, hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza zaidi ya theluthi ya nguvu, na kunyonya maji kunakuwa kugumu pia. Pampu ikae jirani kabisa na maji, isizidi mita 3 juu yake. Presha isipofika, wekeni tangi la turubai katikati na pampu ya pili, msing'ang'anie kuongeza moto mashine ya chini mpaka hosi ipasuke.

Begi lenyewe fundi turubai wa hapo Moshi anawashonea, mdomo mpana ufunguke wote, pembeni tundu la kutolea mkia, chini matundu madogo ya kuchuruzisha maji, mikanda toeni kwenye mabegi yenu mabovu ya safari. Mkishamaliza osheni hosi, zianikeni kivulini zikauke ndipo mzipakie, zikilala mbichi zinaota ukungu zinaoza. Na jamani kabla ya kupanda kwenye moto wowote KINAPA, wale wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, wajue mko wapi na mko wangapi, Zimamoto wapigieni 114.