Wasomaji Wanauliza: Sosi ya chupa haiivishi nyama

Swali: Nilinunua chupa ya sosi ya tikka masala, nikaimimina yote kwenye kuku wa kienyeji mbichi. Dakika 40 zimepita nyama bado ngumu, sosi imeshika chini na juu mafuta yameelea. Chupa ilikuwa mbovu? (Mama wa watoto watatu, Mwanga, Kigoma)

Jibu: Chupa haina kosa, mama. Sosi hiyo ya Kihindi, ya nyanya, krimu na viungo, imeshapikwa kiwandani, inataka dakika 10 hadi 15 tu za kutokota na nyama. Kuku wa kienyeji anataka saa nzima, mara nyingi zaidi, na muda wote huo maji ya sosi yanapotea huku nyanya na sukari iliyomo vikiungulia chini.

Chemsha kuku kwanza kwa tangawizi na nusu kijiko cha chai cha chumvi, mpaka uma uingie bila kulazimisha. Usiongeze chumvi nyingine kabla ya kuonja mwishoni, maana sosi nyingi za chupa zina chumvi ya kutosha. Bakiza kikombe kimoja cha supu. Kwenye sufuria nzito kaanga kitunguu kwa vijiko viwili vya mafuta mpaka kiwe cha kahawia, geuza nyama humo ipate rangi, ndipo umimine sosi. Ile inayoganda kwenye chupa usiitupe: weka robo kikombe cha supu vuguvugu, funga, tikisa, mimina. Kisha punguza mkaa, ubaki wa kutokotesha tu.

Chupa ya gramu 400 hivi inatosha nyama nusu kilo. Kwa kuku mzima, kaanga nyanya tatu mpaka zikauke maji kabla ya kuongeza sosi, la sivyo mchuzi utakuwa na ukali wa nyanya mbichi.

Mafuta kuelea si ubaya. Kwenye rojo la nyanya, wapishi wa Kihindi huyangoja hayo kama dalili kwamba viungo vimeiva. Ubaya ni chengachenga nyeupe, yaani krimu au mtindi umekatika kwa moto mkali. Ukitaka kuongeza mtindi, ukoroge kwanza na kijiko kimoja cha chai cha unga wa dengu, uzimue kwa sosi kidogo ya moto, kisha uingize sufuria ikiwa imeepuliwa.

Swali: Sosi hizi zinafaa kwa migebuka? Na mawese je? (Msomaji, Ujiji)

Jibu: Zinafaa, ila chagua ya nyanya au ukwaju. Korma, yenye krimu au nazi, huzidisha uzito kwa samaki ambaye tayari ana mafuta yake. Kata vipande vya sentimita 5, paka chumvi kidogo na bizari ya manjano, acha dakika 15, kaanga juujuu. Sosi ichemke kwanza, panga samaki, dakika 6 hadi 8 basi. Mwiko weka kando: shika sufuria kwa kitambaa uitikise, maana ukikoroga utakula miiba. Mawese yaache kwa maharage. Harufu yake inafunika hiliki na giligilani ulizozilipia.

Swali: Napika peke yangu, sina friji. Nusu chupa inayobaki niifanyeje? (Kijana wa Gungu)

Jibu: Usiiweke kabatini. Ikishafunguliwa, sosi laini inataka baridi, na hata kwenye friji ni siku chache tu kama lebo inavyosema. Mimina yote siku hiyohiyo, nusu yake uungie dengu zilizochemshwa, ule na jirani.

Au nunua masala nzito yenye mafuta, ya aina ya Patak's, kampuni iliyoanzishwa Uingereza miaka ya 1950 na Laxmishanker Pathak, aliyehamia huko akitokea Kenya. Hiyo unachota vijiko viwili vya mezani kwa nusu kilo ya nyama, na nyanya unaweka mwenyewe. Nayo lebo hutaka friji ikishafunguliwa, hivyo itafute yenye chupa ndogo uimalize upesi, na ichote kwa kijiko kikavu; tone la maji linaleta ukungu. Kosa la wengi ni kuichanganya na maji moja kwa moja. Ikaange kwanza kwenye mafuta dakika 2, kwa moto mdogo, mpaka harufu ipande, ndipo nyanya zifuate.